Wakatoliki wa Dodoma: kishawishi cha Kwaresima kinashindwa kabla hakijafika. Tujadili

Mtu wa Makole (mleta mada):

Tumsifu Yesu Kristo wakuu.

Tuko wiki ya pili ya Kwaresima na ahadi zimeanza kulegea. Siku ya Majivu, tarehe 18 Februari, kanisani kwetu watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje, na kila mtu alitoka na lake moyoni. Huyu anaacha bia, yule anaacha mkeka wa kubeti, mwingine ameapa hatagombana na wifi yake mpaka Pasaka. Sasa hivi ukipita mtaani jioni unawaona watu walewale kwenye viti vilevile. Majina siyataji.

Hoja yangu ni moja. Tunaanza kupambana na kishawishi wakati kimeshafika mezani na kizibo kimeshatoka. Hapo mtu wa kawaida hana nguvu, halafu tukianguka tunasema imani yetu ni ndogo, wakati tatizo lilianza asubuhi tulipotoka nyumbani bila mpango wowote.

Rudini kwenye Injili ya Jumapili ya kwanza. Mwaka huu ni Mwaka A, yaani wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, tulisoma Mathayo 4:1-11. Yesu ametoka kubatizwa, na Roho mwenyewe ndiye anayempeleka jangwani. Kwa hiyo ukisumbuliwa siku mbili baada ya kuungama, usidhani Mungu amekukimbia. Halafu tazameni majibu yake. Anajaribiwa mara tatu, mara tatu anajibu "imeandikwa", na maneno yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, pale Musa anapowakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani. Hakukaa kujadiliana. Hakutunga hoja mpya akiwa na njaa ya siku 40. Alitoa kilichokuwa kimeshakaa moyoni siku nyingi. (Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91, kwa hiyo wale wa kujisifu kwamba wanajua mistari, polepole.)

Niwape mfano wa mtaani. Kwenye jumuiya yetu, zile kaya za jirani tunaosali pamoja, kuna baba mmoja, fundi wa kuchomelea mageti. Analipwa Jumamosi. Zamani hela ya Jumamosi ilikuwa inafika nyumbani nusu, tena Jumapili jioni. Kwaresima hii, akishalipwa, kabla hajavua miwani ya kazi anamrushia mkewe hela yote kwa simu, anabakiza nauli. Kwenye daladala hashuki kituo chake, maana kiko mlangoni kwa baa. Anapitiliza mpaka kituo cha mbele, anarudi kwa miguu kupitia uchochoro wa nyuma. Wenzake kijiweni wanamcheka: "Umekuwa mwanafunzi, unabaki na nauli?" Anawajibu, "Ndiyo, niko darasa la kwanza," anaendelea kukunja nyaya zake. Sijamsikia akisema amepata nguvu za ajabu. Amebadilisha kituo cha kushukia, basi.

Jambo lingine ni saa. Kulikuwa na mmonaki wa jangwa la Misri, Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399. Alieleza mawazo manane yanayomvuruga mtu wa sala, na ulafi aliuweka wa kwanza. Mojawapo ni ule uvivu wa roho. Mtu anachoka na kila kitu, anaona jua haliendi, anachungulia nje kama kuna mwenzake anakuja wapige soga, anaanza kuwaza kazi nyingine na mji mwingine. Akasema pepo huyu huvamia kuanzia saa nne mpaka saa nane. Na wao walihesabu saa kama sisi, tangu jua linapochomoza, kwa hiyo ni saa nne hii hii ya chai ya ofisini. Nani hapa hajawahi kuiona hiyo saa nne? Umbea wa ofisini unaanza hapo, mkeka unachanwa hapo, meseji zisizo na maana zinaanza kutumwa hapo. Kaa na kalamu siku chache uandike unaanguka saa ngapi. Ukishaijua saa yako, weka kitu mahali pake mapema: simu ibaki kwenye droo, au ule muda ndio wa kwenda benki, au ndio wa kusali fungu moja la rozari ukitembea.

Kuhusu chakula nipite haraka, maana sheria ya Kanisa ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Kujinyima nyama siku za Ijumaa kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga ni siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 mpaka ukishatimiza 59. Unakula mlo mmoja wa kushiba, na miwili midogo ambayo ukiijumlisha haifikii ule mmoja. Mgonjwa hafungi. Mjamzito hafungi.

Sasa mji wetu ni wa nyama. Ijumaa jioni moshi wa mbuzi unakufuata mpaka getini, na kesho yake ni mnada wa Msalato. Mimi namheshimu anayeacha mbuzi siku hiyo. Lakini ukiacha mbuzi ukaagiza samaki, sato mkubwa wa kuchoma na ndizi na kachumbari, ukakaa mpaka saa nne usiku, sheria umeishika, ila sijui Ijumaa yenyewe umeifanyia nini. Ugali wa uwele na mlenda upo. Na tusisahau kwamba Kwaresima huku kwetu inaangukia miezi ya kulima na kupalilia, ghala la mwaka jana linapoelekea mwisho na mtama mpya bado uko shambani. Kuna kaya za Bahi na Chamwino zinazopunguza mlo bila kusubiri paroko atangaze.

Ndiyo maana ile hela ya bia isibaki mfukoni. Mt. Petro Krisologo, askofu wa Ravenna karne ya 5, alifundisha kwamba sala, huruma na kufunga havitenganishwi. Aliye na kimoja bila vingine hana kitu. Ukifunga bila kutoa, umebana matumizi tu. Nunua kibubu, kiweke mezani watoto wakione, kila ulichojinyima kiingie humo.

Nimemaliza. Wenzangu, saa yenu mbaya ni ipi, na mnaizibaje?

Dereva wa Nkuhungu:

Milele amina mkuu. Umenigusa pabaya. Mimi niko bajaji. Saa sita abiria hamna, tumejipanga kivulini, vijana wote wameinamia simu wanachambua mechi. Mimi toka Majivu sijaweka hata mia. Ila kichwani nachambua nao. Timu hii inashinda, ile inatoa sare, na jioni nikiangalia matokeo naona ningepiga hela. Sasa hii hesabu ya kichwani ni dhambi au si dhambi?

Mtu wa Makole:

Ndugu yangu, kwanza hongera. Papa Mt. Gregori Mkuu alilieleza hili vizuri: jambo linakuja kama pendekezo, halafu mtu anaanza kulifurahia, mwisho analikubali. Pendekezo halina dhambi hata likija mara hamsini kwa siku. Yesu mwenyewe alipendekezewa. Wewe uko pale katikati, unalionja. Hapo ndipo pa kukata, maana ukilionja kila siku saa sita, siku ya mechi kubwa utakubali tu.

Programu ya kubeti umeshaitoa kwenye simu? Kama bado ipo, unasubiri nini? Na hiyo saa sita mpaka saa nane hama kijiwe. Nenda upande wa hospitali, abiria wa kutoka kliniki wapo mchana.

Dereva wa Nkuhungu:

Programu ipo 😅 Nilisema nitaiacha ili nipime imani.

Dada wa Ipagala:

Jamani huyu! Imani haipimwi hivyo. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu apime kama malaika watamdaka, na jibu tumelisoma juzi: usimjaribu Bwana Mungu wako. Futa leo, kaka.

Dereva wa Nkuhungu:

Sawa dada. Naifuta nikimshusha huyu abiria.

Maandiko Tu:

Mleta mada umeandika kirefu lakini nipe andiko moja linalosema "Kwaresima". Haya ni mapokeo ya wanadamu.

Mtu wa Makole:

Neno Kwaresima hulikuti kwenye Biblia, hilo sikatai. Utakuta siku 40 za Musa mlimani, siku 40 za Eliya kwenda Horebu, siku 40 za Yesu. Utakuta Mathayo 9:15, kwamba bwana arusi akiondolewa ndipo wanafunzi watafunga. Na maaskofu walipokutana Nisea mwaka 325, kanuni yao ya 5 ilitaja kipindi cha siku 40 kama jambo ambalo kila mtu analijua. Ukiona halikufai, ndugu, kula mbuzi wako kwa amani, hatuna ugomvi.

Jirani wa Chang'ombe:

Mimi ni Muislamu, nimepita kuwasabahi. Mwaka huu tumeanza mfungo wiki moja na ninyi, basi nyumba yetu na ya jirani yangu Mkristo zote kimya mchana. Ila mkuu, milo mitatu kwa siku ndiyo mnaita kufunga? 😀 Sisi hata maji hatugusi.

Mtu wa Makole:

Hapo umetuweza jirani. Na ndiyo maana nasema sheria yetu ni ya chini kabisa, anayetaka kuongeza aongeze. Mfungo mwema. Futari ikizidi unajua geti letu.

Jirani wa Chang'ombe:

Magimbi yatakuwepo. Jambo moja nawaunga mkono: kwetu pia mtu anaweza kushinda njaa kutwa na ulimi wake ukala watu wote wa mtaa.

Mama wa WAWATA:

Jirani umesema, na mimi nataka nikae hapo hapo kwenye ulimi. Wanaume wanajaza uzi kwa bia na mikeka. Kishawishi chetu sisi akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kinaanza pale sala ya jumuiya inapokwisha. Jumamosi asubuhi tunasali nusu saa, tunasoma Injili, tunaweka nia, tunatoa mchango. Amina ikishatoka viti havirudishwi. "Mmemsikia mtoto wa fulani?" Saa mbili nzima. Tena tunamalizia na "tumwombee". Tukishasema tumwombee tunaona umbea umeshatakasika.

Jumapili hii tunasoma mwanamke Msamaria, Yohana sura ya 4. Alikwenda kisimani yapata saa sita. Nani anachota maji saa sita na jua lile? Sisi tuliokulia huku tunajua, maji yanafuatwa alfajiri, na wenzako. Wengi huhubiri kwamba alikuwa anakwepa macho ya wanawake wenzake. Mimi kila nikiisoma nawaza hao wenzake walikuwa wamesema nini mpaka mtu achague jua la saa sita kuliko kukaa nao foleni.

Kwenye jumuiya yetu tumekubaliana jambo dogo. Sala ikiisha tunainuka wote, tunakwenda kwa mgonjwa mmoja, tunafagia, tunachota maji, tunaondoka. Ukiwa na ndoo kichwani maneno yanapungua. Hayajaisha, nisiwadanganye.

Dada wa Ipagala:

Shikamoo mama. Hapo kwenye "tumwombee" nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda ananitazama.

Mama wa WAWATA:

Marahaba mwanangu.

Mwanafunzi wa Chimwaga:

Naona kuna kitu hamkigusi. Usiku. Simu, kitanda, na vitu vya kwenye intaneti ambavyo nikivitaja hapa moderata atafuta. Hosteli tuko wengi lakini saa sita usiku kila mtu yuko peke yake na kioo chake. Nimesali, nimefunga, narudi pale pale. Halafu nikisali sasa hivi sisikii chochote, ni kama naongea na ukuta. Nimefikiria niache hii Kwaresima, nianze upya mwakani nikiwa sawa.

Mtu wa Makole:

Mdogo wangu, ahsante kwa kulisema. Mt. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliandika mambo matatu ambayo naona yanakuhusu. Alisema adui anapenda mambo yake yabaki siri. Ukimfunulia muungamishi wako au mtu mwenye busara, hila yake inaanza kuharibika. Umeshaanza kulisema hapa, sasa lipeleke kwa padre. Wameshasikia yote hayo, hutakuwa habari mpya kwake. Akasema pia adui huzunguka ngome akitafuta ukuta ulio dhaifu, na huko ndiko anashambulia. Kwa hiyo usishangae kwamba ni palepale kila siku. Na la tatu, ukiwa kwenye giza usibadilishe uamuzi uliouweka ukiwa kwenye mwanga. Hilo wazo la "nianze mwakani" limekujia ukiwa wapi? Basi liache lipite.

Na chaja. Chaja ya simu isilale chumbani kwako. Mpe mwenzako wa chumba cha pili mkishamaliza kusoma, pamoja na simu yenyewe. Saa ya kengele ya kukuamsha nunua hata ile ya machinga.

Katekista Mstaafu:

Mbukwenyi. Nimesoma yote, miwani yangu imechoka.

Kijana wa Chimwaga, nikujibu hilo la kusali bila kusikia kitu. Kanisa kuu letu la Dodoma limewekwa chini ya Mt. Paulo wa Msalaba. Wengi wanaingia na kutoka hawajui ni nani. Ndiye aliyeanzisha shirika la Wapasionisti, wale mapadre waliokuja huku kwetu miaka ya 1930, na alifariki Roma mwaka 1775. Watu wanamjua kwa mahubiri ya Mateso ya Bwana. Lakini mtu huyu alipita miaka mingi, makumi ya miaka, ya ukame wa roho, anasali haoni ladha, haoni faraja. Hakuacha kusali, na shirika likakua mikononi mwake katika ukame huo huo. Sisi wa Ugogo tunalima ardhi kavu kila mwaka, mtu asitutishe na neno ukame.

Na ukianguka usihesabu kwamba Kwaresima imeharibika. Kitubio, yaani kuungama, kipo. Ila nendeni mapema jamani! Kila mwaka watu wanasubiri Wiki Kuu, foleni inafika mlangoni, padre amechoka, na wewe uliyekuja na jambo la miaka mitatu unalisema kwa dakika moja ili usiwacheleweshe wa nyuma. Nenda wiki hii, siku ya katikati ya wiki, mwombe padre muda. Utakaa, utaulizwa, utashauriwa. Katika miaka yangu ya ukatekista niliona tofauti kubwa kati ya hao wawili.

Mimi nina 71, kufunga nimeshavuka, lakini nyama ya Ijumaa siigusi. Meno yenyewe yameshanisaidia hilo.

Mama wa WAWATA:

Mzee shikamoo. Hilo la kitubio lisemwe Jumapili kwenye matangazo.

Katekista Mstaafu:

Marahaba binti yangu. Linasemwa kila mwaka. Wakati wa matangazo watu wanakuwa wameshatoka nje.

Dereva wa Nkuhungu:

Wakuu nimefuta. Mwenzangu mmoja kijiweni ameuliza kwa nini, nikamwambia, naye akafuta ya kwake. Akasema hata hivyo mwezi huu ilikuwa imemla elfu arobaini. Sasa tunabishana hiyo hela tuliyookoa iende wapi. Mimi nasema kibubu, yeye anasema hela haipo imeshaliwa tutaweka nini.

Mtu wa Makole:

Mna siku zilizobaki mpaka Pasaka, tarehe 5 Aprili. Kila siku ambayo mngebeti wekeni mlichokuwa mkiweka, hata kama ni buku. Jumuiya yenu itakuwa inajua kaya yenye shida ya chakula, ulizeni kwa mwenyekiti.

Mwanafunzi wa Chimwaga:

Shikamoo mzee Katekista, nimekuelewa. Simu nimeshaongea na jamaa wa chumba cha jirani, tumekubaliana saa nne usiku namkabidhi, na yeye ananipa ya kwake, kumbe naye ana shida hiyo hiyo. Nimeweka nia ya kuungama kabla ya Ijumaa. Njia ya Msalaba huko mjini huwa saa ngapi? Huku tuna kipindi cha maabara mpaka saa kumi.

Mtu wa Makole:

Kwetu ni saa kumi na nusu, inafuata Misa saa kumi na moja na robo. Parokia zinatofautiana, muulize katekista wa hapo kwenu kwanza. Ukija huku panda daladala kabla ya saa kumi na robo, Ijumaa barabara inajaa.